Kumfuata Liyongo: Siku Kumi kutoka Witu hadi Shanga

Kumbukumbu hizi zimepangwa baada ya kurudi Mombasa, kutoka daftari mbili na picha za simu. Safari ilikuwa ya mwezi wa kaskazi, jua kali na barabara kavu. Shabaha ilikuwa moja: kuipitia hadithi ya Fumo Liyongo, shujaa wa kale wa Waswahili, mahali inapotajwa kutokea, na kuona ni kitu gani cha historia ya pwani hii kimebaki ndani yake. Watu wengi wanamjua Liyongo kama jitu lisilopigika na chuma. Hilo ndilo jepesi. Kigumu, na kitamu zaidi, ni vile vitu vidogo: koma, wishwa, tupa, sindano, kisima, na wanawake wawili.

Siku ya 1, Jumatatu. Mombasa hadi Witu

Basi la Lamu linaondoka Mombasa mapema sana. Tikiti ikatwe jana yake, na mwenye kushuka Witu aseme hivyo dirishani, maana baadhi ya makarani hutoza nauli ya Mokowe, kituo cha mwisho, kwa kila abiria. Tulilipa shilingi 1,400. Kaa upande wa kushoto: jua la asubuhi liko kulia, juu ya bahari.

Hadi Malindi hakuna la kuandika. Baada ya Garsen mambo hubadilika. Askari husimamisha magari, kila mtu hushuka na kitambulisho mkononi, mizigo hutazamwa, kisha magari huenda kwa msafara. Ukaguzi ulikuwa mara tatu, na ule wa pili ulikula saa nzima kwa sababu kijana mmoja alikuwa na nakala tu ya kitambulisho. Beba chenyewe. Njia hii ipitwe mchana, na kabla ya kufunga safari piga simu kwa mwenyeji kuuliza hali ya usalama, kwa kuwa hubadilika kwa wiki, si kwa mwaka.

Pale kizuizini mama mmoja wa Kiorma aligawa maziwa kutoka kibuyu kilichofukizwa moshi, kikombe kimoja kikizunguka kwa watu wanane. Katika utenzi wa Liyongo watu wa kabila lake huitwa Wagala, jina wasilolipenda wenyewe. Hao ni Waoromo, na wa hapa ni Waorma. Wao ndio wanaokuja Pate, mji wa kisiwani karibu na Lamu, kununua chakula, wakasikia sifa za Liyongo, wakaomba aoe kwao ili wapate mbegu yake. Katika beti chache tu hadithi inakupa uchumi mzima wa mahali hapa: mfugaji ana ng'ombe, mji una nafaka, na wakati wa ukame mfugaji ndiye anayetembea kwenda mjini. Ndoa ilikuwa njia ya kuufunga uhusiano huo usikatike.

Witu saa tisa alasiri. Mji mdogo, maembe, simsimu inayoanikwa barazani. Kumbuka kwamba huu ulikuwa usultani: Ahmed, aliyeitwa Simba, wa ukoo wa Nabahani wa Pate, alihamia hapa katikati ya karne ya 19 baada ya kushindwa visiwani. Wajerumani wakaweka ulinzi wao 1885, wakawaachia Waingereza 1890, na mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Waingereza wakauchoma mji. Kwa msomaji wa Liyongo jambo la maana ni kwamba watawala wa Pate walipobanwa walikimbilia bara hii hii, msitu huu huu aliokimbilia Liyongo. Visiwa na bara ni nyumba moja yenye milango miwili.

Siku ya 2, Jumanne. Witu, Kipini, Ungwana

Bodaboda hadi Kipini shilingi 400 kwa mtu mmoja, kama kilomita 20. Njiani simamisha pikipiki penye mikoma. Mkoma ni mti wa jamii ya mnazi na mvumo, lakini shina lake hugawanyika matawi, na kila tawi huvaa kilemba chake cha makuti. Mikono ya makuti ina miiba iliyopinda, ndiyo maana mpandaji hushuka na mapaja yaliyochanika. Tunda, koma, ni la rangi ya kahawia, linatosha kiganjani, limechongoka upande mmoja. Halimenywi. Unagonga ganda kwenye jiwe, unaling'wenya nyuzinyuzi zake tamu kwa meno ya mbele, na baada ya dakika kumi taya limechoka na njaa iko palepale. Ndani kuna kokwa gumu kama pembe.

Sasa rudi kwenye hadithi. Sultani wa Pate, Mringwari, ambaye ni ndugu wa Liyongo kwa baba (wengine husema binamu), anapanga vijana waende kwa zamu kuangua makoma mwituni. Zamu ya Liyongo ikifika, akiwa juu ya mti na mikono imeshughulika, wampige mishale. Liyongo anawaambia wakae tu, anavuta uta na kuyaangusha makoma kwa mshale akiwa chini. Kwa aliyeuona mti wenyewe, hila inaeleweka mara moja: mtu aliye juu ya mkoma hawezi kuruka, hawezi kujificha, na kushuka kwake ni kwa polepole. Na kwa nini makoma, si maembe? Koma ni chakula cha mtu wa mwituni na cha mwaka wa njaa. Vijana wa mji wenye nyumba za mawe wanakula kikoa, yaani mlo wa shirika, cha makoma kwa zamu: kumbe mji wenyewe ulikuwa ukiishi kwa kuchuma mwitu pia.

Kipini tulifikia nyumba ya kulala wageni karibu na ufuo, shilingi 800, maji ya ndoo. Chakula ni kamba wa ghuba ya Ungwana, waliokaangwa kwa ndimu na pilipili, na wali wa nazi. Sahani shilingi 350.

Magofu ya Ungwana yako mashariki ya Kipini kwa njia ya ufuoni. Maji yalikuwa yamejaa saa moja asubuhi, hivyo tuliondoka saa tano, yakitoka, na tulikuwa tumerudi kabla ya saa kumi na moja jioni. Ukikosea saa hizi utatembea kwenye mchanga mlaini wa juu na mwendo utakuwa mara mbili. Chukua lita tatu za maji kwa kila mtu, na mwongozo wa Kipini. Vichaka vimefunika kuta, na nyati hupita.

Kilichosimama ni vipande vya ukuta wa mji, makaburi ya mawe na msikiti wa Ijumaa wenye kumbi mbili zilizopakana. James Kirkman alichimba hapa miaka ya 1950. George Abungu alirudi miaka ya 1980 na kuutazama mji pamoja na watu wa Mto Tana walioulisha, si mji peke yake. Mtazamo huo wa pili ndio unaofaa kwa hadithi yetu. Shaka, mji anaotajwa Liyongo kuutawala, uko katika ufuo huu huu, na mji wa Mwana pia. Wataalamu wamemweka Liyongo wengine karne ya 13, wengine mwishoni mwa karne ya 16. Hadithi haitoi tarehe. Inachotoa ni umbali: kutoka Shaka hadi Pate, inasema, ni mwendo wa siku nne, na Liyongo alikwenda kwa siku moja. Ukiangalia ramani ya mikono ya bahari, mikoko na vivuko, siku nne za mtu wa kawaida ni hesabu ya mtu aliyeijua njia kwa miguu yake.

Siku ya 3, Jumatano. Ozi

Mashua ya kwenda Ozi ifuate maji yanayojaa. Saa kumi na mbili asubuhi mkondo wa bahari unausukuma mto nyuma, na mashua haihitaji nguvu. Kurudi, ngoja yatoke. Mtu anayepuuza hili hulipa mafuta maradufu. Tulielewana shilingi 3,000 kwa mashua nzima, watu wanne, kwenda na kurudi. Viboko wapo, mamba wapo. Mikono ikae ndani.

Ozi ni kijiji cha mpunga, ndizi na miembe mikubwa. Wakulima wanaeleza kwamba maji ya chumvi yanapanda juu zaidi siku hizi na kuua mpunga, na walituonesha majaruba yaliyogeuka meupe kama yaliyonyunyizwa majivu.

Mapokeo yanaliweka kaburi la Liyongo hapa. Usije ukitegemea mnara. Kaburi ni mahali panapooneshwa, na urefu wake huelezwa kwa hatua. Ombeni ruhusa ya wazee kwanza, vueni viatu, na kama mna sadaka ya sukari au kahawa ipelekwe msikitini, si kwa mwongozo.

Mzee aliyetupokea alitandika mkeka, akaleta maembe na uji wa mchele, akakataa malipo kwa kusema mgeni wa Liyongo ni mgeni wa Ozi. Alisimulia kifo chake, na alianzia kisimani, si kwenye sindano. Liyongo ameshachomwa sindano kitovuni na mwanawe akiwa usingizini. Anaamka, anashika uta, anatoka hadi kisima cha mji, anapiga goti, mshale uko kwenye upote. Anakufa katika hali hiyo. Watu wanamwona, hawajui kama amekufa, hakuna anayethubutu kuteka maji. Siku zinapita. Mji una kiu. Anaendewa mama yake ambembeleze kwa nyimbo, naye anaimba kwa mbali bila kujua kwamba mwanawe hayupo. Mwishowe mwili unaanguka.

Hapo mzee alituuliza: mji wenye kisima kimoja, ukitaka kuupiga, utapiga wapi? Katika miji hii ya mchanga, maji matamu ni utando mwembamba unaoelea juu ya yale ya chumvi. Kisima kikichimbwa kirefu kupita kiasi kinaharibika. Ndiyo maana mtu aliyekufa anaweza kuuzingira mji mzima kwa kupiga goti tu.

Ng'ambo ya mto, kwa Wapokomo, Liyongo si shujaa. Husimuliwa kama mtawala aliyetoza kodi na kuwaonea wakulima. Andika masimulizi yote mawili bila kuyapatanisha. Wa mjini wanakumbuka nani aliwalinda. Wa shambani wanakumbuka nani alichukua mavuno. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja.

Siku ya 4, Alhamisi. Kipini, Mokowe, Lamu

Siku ya kusafiri tu. Kurudi Witu, kusubiri basi kwa muda wa saa tatu chini ya mwembe, ukaguzi mara mbili, Mokowe saa kumi. Mashua ya abiria hadi Amu, yaani Lamu, ilikuwa shilingi 150. Ya kukodi ilidai 1,000 na zaidi. Ngoja ya abiria, hujaa kwa dakika ishirini.

Siku ya 5, Ijumaa. Lamu

Asubuhi, kabla ya sala ya Ijumaa, makumbusho ya ukingoni mwa bahari. Nenda moja kwa moja kwenye siwa. Kuna ya Pate, ya pembe za ndovu, na ya Lamu, ya shaba. Hii ni baragumu ya kupulizwa kwa ubavu, ndefu kumpita mtoto wa miaka kumi, na ilipulizwa harusi za watu wa ukoo na kutawazwa kwa watawala tu. Katika utenzi, Liyongo anafika Pate akiwa na panda lake, analipuliza: la kwanza na la pili mji unatikisika, la tatu panda linapasuka. Kisha anamwaga mkoba wake, na ndani mna kinu na mchi, mawe ya kusagia, vyungu, vyano, mafiga. Wasomaji hucheka hapa. Lakini tazama: panda ni chombo cha enzi, vinu na vyungu ni vyombo vya jikoni, na mtu mmoja amebeba vyote. Ndiye sultani, na ndiye nyumba pia.

Utenzi tunaousoma leo uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu, na mwaka unaotajwa kwa kawaida ni 1913. Kijumwa alikuwa mwandishi wa hati, mchonga milango na fundi wa ngoma. Kabla yake, Edward Steere alikuwa ameshaichapisha hadithi hiyo kwa nathari 1870, kama alivyoisikia Unguja. Kwa hiyo mwaka 1870 Liyongo alikuwa ameshasafiri kwa majahazi hadi kusini, mbali na Tana.

Usiku, baada ya isha, baraza moja ya mtaa wa Langoni. Kahawa chungu, halua, na bibi mmoja aliyeanza kwa "Paukwa!" na watoto kumi wakaitikia "Pakawa!" Kwa saa mbili zilipita hadithi tano. Mbili za Sungura, ambazo utazikuta kwa namna nyingine hadi Kongo. Moja ya Abunuwasi, ambaye chanzo chake ni Abu Nuwas, mshairi wa Baghdadi ya Harun al-Rashid, aliyekuja huku na mabaharia na kugeuzwa mjanja wa mtaani. Moja ya jini wa kisimani. Na moja kipande cha Liyongo. Mkeka mmoja, na juu yake bara, Arabuni na Tana wamekaa bega kwa bega. Hakuna aliyeona ajabu.

Kwa atakayetaka kurekodi, haya ndiyo yaliyofaa na yaliyoharibika:

Omba idhini mbele ya watu wa nyumba, na useme rekodi itakwenda wapi. Weka simu juu ya mto au kanga iliyokunjwa, si juu ya baraza la mawe, kwani kila kikombe kinachowekwa husikika kama nyundo. Zima feni. Mwache msimulizi amalize bila swali hata moja. Maswali ya maneno yasubiri. Andika jina la mtaa wake, na nani alimsimulia yeye, na alikuwa na umri gani. Nyimbo zirekodiwe mara ya pili peke yake, maana ndani ya hadithi watoto huitikia na maneno hupotea.

Na jambo kubwa zaidi: utenzi wa Liyongo unasomwa mashuleni. Ukimsikia msimulizi akipanga makoma, gereza, mkate, sindano na kisima kwa mfuatano ule ule bila kuyumba, ujue anakisoma kitabu kichwani mwake. Si vibaya, lakini si ushahidi mpya. Muulize basi: bibi yako alianzaje? Mara nyingi hapo ndipo hadithi nyingine hutoka. Na waulize wanawake. Wanaume hutoa vita. Nyimbo wanazo wanawake.

Bibi yule alichosimulia ni kipande cha gereza. Liyongo amefungwa pingu. Mama yake hupeleka chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi, Saada. Walinzi hula kizuri na kumwachia makombo. Liyongo anaimba wimbo ambao walinzi wanauona wa kawaida, lakini ndani yake mna ujumbe: mama apike mkate wa wishwa, na katikati atie tupa ya kukerezea chuma. Wishwa ni makapi yanayobaki baada ya kutwanga na kupepeta. Mkate wake ni mweusi, mkavu, unakwaruza koo. Walinzi wakauona, wakamtupia Liyongo. Kisha anaomba nje pachezwe ngoma ya gungu, na sauti ya matoazi na upatu inafunika sauti ya tupa inayokereza chuma.

Tulimwomba atuoneshe wishwa. Akainuka usiku ule na taa, akaleta ungo. Alipepeta mara tatu, kwa kiwiko na si kwa kifundo cha mkono. Unga ukabaki nyuma, makapi yakaja mbele kama mchanga wa dhahabu. Akachukua ukufi, akakandika kwa maji ya uvuguvugu. Haukushikana. Alieleza kwamba wishwa mtupu hauna ute wa kuufunga, lazima uchanganywe na unga kidogo, sehemu moja kwa tatu, na uokwe polepole, la sivyo hupasuka. Mkate unaopasuka ungeonesha tupa. Kwa hiyo mama wa Liyongo, akasema bibi, alikuwa fundi. Hilo halimo katika utenzi. Limo katika ungo.

Gungu lenyewe lilikuwa ngoma ya harusi ya wenye hadhi, la kukwaa na la kufunda. Vyombo vyake haviko tena mitaani, ila vugo, pembe ya nyati inayogongwa kwa kijiti, bado husikika harusi za Amu.

Siku ya 6, Jumamosi. Lamu hadi Pate

Hapa ndipo safari hukwama, na sababu ni mwezi. Chombo cha Pate hupita Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara, ambao hauna kina maji yakitoka. Bamvua, wakati wa mwezi mpevu na mwandamo, hujaa sana, lakini kujaa kwenyewe ni mnamo saa kumi, alfajiri na jioni. Wakati wa maji mafu hujaa katikati ya asubuhi, saa nzuri ya kusafiri, ila hayapandi juu. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika hamsini hivi au zaidi. Sisi tuliangukia maji mafu. Chombo kilikuwa na saruji magunia 40 na abiria 30, kikapanda fungu saa nne na nusu. Vijana waliruka, wakasukuma, magunia yakahamishwa mbele, na baada ya dakika arubaini tukaelea. Nahodha aligawa mkate wa sinia kwa chombo kizima. Nauli shilingi 400 hadi Mtangawanda. Kutoka hapo ni mwendo wa saa moja kwa miguu hadi mji wa Pate, au punda kwa mizigo.

Pate watu wanalima tumbaku ndani ya magofu. Jani pana la kijani limesimama mahali palipokuwa na sebule ya plasta iliyochongwa. Hakuna hoteli, ulizia nyumba, utapata. Tulilipa 1,000 kwa usiku na chakula, samaki wa kupaka na mkate wa mofa.

Jioni wazee walieleza mapokeo ya Nabahani. Sulaiman wa Oman anakuja Pate, mwaka unaotajwa ni 600 wa Hijra, yaani 1203 au 1204. Anaoa binti wa mtawala aliyekuwako, wa ukoo wa Batawi. Baada ya siku saba za fungate anakwenda kumsalimia mkwewe, naye anamkabidhi ufalme. Wanahistoria wengi wanauona mwaka huo ni wa mapema mno. Lakini achana na mwaka, tazama njia: enzi imepita kwa mwanamke. Mgeni hakushinda vita, alioa.

Weka hilo kando ya Liyongo. Yeye ndiye mkubwa, ndiye hodari, na bado kiti anacho Mringwari. Masimulizi ya bara yanatoa sababu kwamba mmoja anadai kwa upande wa mama na mwingine kwa upande wa baba. Na sasa hesabu nani anamsaidia Liyongo: mama yake kwa mkate, Saada kwa ujumbe, mama yake tena kisimani. Hesabu nani anamdhuru: ndugu wa baba mmoja, kisha mtoto wake wa kiume aliyeahidiwa cheo. Tena anachomwa kitovuni, pale mtu alipokuwa ameshikamana na mamaye. Mimi nasoma hadithi hii kama kumbukumbu ya mji uliokuwa ukihama kutoka urithi wa kike kwenda urithi wa kiume, sheria mpya ikiingia na watu wakiumia. Hakuna tarikh (historia ya maandishi) iliyoandika ugomvi huo waziwazi. Umehifadhiwa na bibi wenye ungo.

Siku ya 7, Jumapili. Pate hadi Siyu

Kwa miguu, saa mbili, njia ya mchanga kati ya minazi. Ondoka alfajiri. Siyu kuna ngome, mafundi wa viatu vya ngozi, na ukimya.

Siku ya 8, Jumatatu. Shanga

Saa moja kutoka Siyu na mwongozo. Mark Horton alichimba Shanga kuanzia 1980. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe alikuta misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine, na ya chini kabisa ilikuwa ya miti na udongo, ya karne ya 8. Mji ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 15.

Siyu na Shanga kuna hadithi ya Wachina: jahazi lilivunjika mwambani, mabaharia wakafika pwani, wakaua joka lililowasumbua wenyeji, wakaruhusiwa kukaa, wakasilimu, wakaoa. Wengine huongeza kwamba Shanga ni Shanghai. Hapo uwe mwangalifu. Meli za Zheng He, amiri wa Kichina, zilisafiri 1405 hadi 1433, na Shanga ilikuwa imeshaishi karne sita. Ukoo wa Wafamau unaohusishwa na hadithi hii umehusishwa pia na Wareno. Vigae vya kauri za Kichina vimejaa mchangani, lakini kauri ililetwa na wafanyabiashara wa mikono mingi. Kigae si babu. Usikiokote, ni kosa kisheria, na kikihama mahali pake hakisemi tena kitu.

Kilicho thabiti katika hadithi ile ni utaratibu wake: mgeni anatoka majini, anafanya kazi inayofaa mji, anasilimu, anaoa, jina lake linakuwa ukoo. Ni njia ile ile ya Nabahani. Ndivyo miji hii ilivyopokea watu, wawe wa Oman, wa bara au wa mbali zaidi.

Mwongozo alikataa shilingi 1,000, akachukua 700, akasema zilizobaki tumnunulie mamake majani ya chai dukani Siyu.

Siku ya 9, Jumanne. Siyu hadi Lamu

Maji yalijaa saa nane mchana. Chombo kilipita Mkanda bila kugusa.

Siku ya 10, Jumatano. Takwa

Magofu ya kisiwa cha Manda. Nusu siku kutoka Lamu, mashua 2,500 kwa watu wanne. Mkono wa bahari wa Takwa hukauka kabisa. Ingia saa moja kabla ya kujaa, toka si zaidi ya saa moja baada. Waliotutangulia wiki ile walichelewa kupiga picha, wakalala kwenye tope hadi usiku wa manane.

Nguzo ya msikiti imesimama juu ya kibla. Wenyeji wa Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, husema mababu zao walihama Takwa, na hadi leo huja mara mbili kwa mwaka kuomba mvua kwenye kaburi lenye nguzo. Mlinzi alieleza kwamba siku hiyo huletwa mchele na mbuzi kwa mashua, hupikwa papo hapo, na maji ya kupikia hutoka Shela kwa madumu, kwa sababu kisima cha Takwa kimekuwa cha chumvi. Alipofika hapo nahodha akapiga mluzi: maji yalikuwa yameanza kutoka.